Kabla Hujanunua Redio ya Dijitali, Uliza Itawashwa Wapi

Redio ya dijitali hainunuliwi kwa chapa wala kwa umbo. Inanunuliwa kwa kujua itawashwa wapi. Redio inayoshika stesheni chungu nzima pale London, ukiipeleka Boston haitapata hata moja ya dijitali, na ukiipeleka Morogoro itakuwa redio ya FM kama zile unazozijua siku zote, ila hii umeinunua kwa bei kubwa na inamaliza betri haraka. Fundi hana la kuitengeneza kwa sababu haina ubovu. Hewani tu ndiko hakuna kitu inachokielewa.

Wengi tunanaswa hapa kwa sababu ya simu. Simu iliyonunuliwa Dubai inawekwa laini ya Dar es Salaam na maisha yanaendelea, basi mtu anadhani redio nayo ni hivyo. FM nayo imetuzoesha vibaya: ukiiacha Japani, ambayo nitaifikia, redio ya FM iliyotengenezwa kwa soko la Ujerumani inasikika Mwanza bila maswali. Dijitali haikuja kwa maelewano ya namna hiyo. Ulaya ilichukua DAB. Marekani ikajitengenezea HD Radio. Kundi jingine la mashirika ya utangazaji na viwanda likaunda DRM, kwanza kwa ajili ya masafa mafupi na ya kati. Redio ya mfumo mmoja haiwezi kusoma mawimbi ya mwingine, hata ikiwa imewekwa chini ya mnara.

Kinachojiita dijitali

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, au pita Luthuli Avenue pale Nairobi, uombe redio ya dijitali. Utapewa. Itakuwa na kioo kinachoonyesha tarakimu za masafa, tundu la USB, mahali pa kuchomeka kadi ya kumbukumbu, Bluetooth, na ubavuni imeandikwa DIGITAL kwa herufi kubwa. "Hii dijitali kabisa, mama, si unaona namba zenyewe?" Muuzaji hana nia mbaya, na namba zipo kweli. Ila kilicho dijitali hapo ni kioo, na pengine chipu inayochakata sauti huko ndani. Mawimbi inayoyapokea ni yaleyale ya FM ambayo redio ya babu, ile ya kuzungusha kitufe mpaka sindano ifike kwenye stesheni, inayapokea pia.

Jina la stesheni linalopita kwenye kioo cha redio ya gari nalo lisikudanganye. Huo ni RDS, utaratibu wa kupachika maandishi mafupi ndani ya mawimbi ya FM, ulioanza Ulaya katika miaka ya 1980. Ni FM bado.

Kipimo ni kimoja. Tafuta kwenye boksi au kwenye kibandiko cha nyuma mojawapo ya majina haya: DAB, DAB+, HD Radio au DRM. Usipoliona hata moja, mkononi una redio ya analojia. Kama uko Tanga, Eldoret au Bujumbura, hiyo ndiyo unayoihitaji, maana redio ya kila siku ya watu wa huku bado ni FM. Lipa bei ya redio ya FM, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya hayo maandishi ya ubavuni.

Alama ya kujumlisha inayofaa kutazamwa kwa makini

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza, Ujerumani, Uswisi, Italia na nchi za Skandinavia, mfumo wa kuujua ni DAB, na humo ndani kuna mtego mmoja unaokula pesa za watu mpaka leo.

Kazi ya DAB ilianza mwaka 1987 katika mradi wa nchi za Ulaya ulioitwa Eureka 147. Norwei ilifungua stesheni yake ya kwanza ya DAB Juni 1995, na BBC ikaanza Septemba mwaka huohuo. Mawimbi yake hukaa kati ya megahezi 174 na 240, juu kabisa ya FM. Tena stesheni haziendi mojamoja. Hukusanywa nyingi kwenye mkupuo mmoja uitwao multipleksi, neno ambalo Watanzania walilizoea enzi za kuhamia ving'amuzi, kisha zikarushwa pamoja kwenye masafa mamoja. Redio ndiyo inayozichambua na kukuletea orodha ya majina. Hukariri tena namba za masafa, na ukisafiri kwa gari ndani ya eneo la multipleksi ileile huna haja ya kutafuta upya kila ukipita mlima, kwa kuwa minara yote hurusha kwenye masafa hayohayo.

Sasa mtego wenyewe. Multipleksi moja ya DAB, kwa mpangilio unaotumika sana, ina nafasi ya kilobiti 1,152 kwa sekunde. DAB ya mwanzo ilibana sauti kwa mtindo wa MP2, na ili muziki usikike vizuri kila stesheni ilihitaji angalau kilobiti 128. Piga hesabu: stesheni tisa, nafasi imekwisha. Mwaka 2007 ikatoka DAB+, inayobana sauti kwa mtindo mpya wa HE-AAC. Kilobiti 64 zikawa zinatosha, na palipokaa tisa pakakaa kumi na nane. Gharama ya mnara na umeme ni ileile, wachangiaji ni mara mbili. Usishangae basi kwamba Australia mwaka 2009 na Ujerumani Agosti 2011 zilijenga huduma zao juu ya DAB+.

Redio za zamani za DAB hazijui kuifungua HE-AAC. Ukiiwasha redio ya namna hiyo penye DAB+, itaiona multipleksi, pengine hata itakuandikia jina la stesheni, kisha kimya. Kinyume chake hakina tatizo: redio ya DAB+ inasoma DAB ya zamani bila shida.

Uingereza ndiko mtego ulikotegwa vizuri zaidi. Kwa kuwa walianza mapema, watu walinunua redio kwa mamilioni kabla DAB+ haijatoka. Redio hizo sasa ziko kwenye maduka ya mitumba ya hisani na kwenye minada ya Jumapili, zinauzwa paundi chache, nyingine nzuri kwa macho, zina boksi la mbao na spika ya maana. Ukiiwasha pale pale mnadani inaongea, maana BBC iliendelea kurusha stesheni zake kubwa kwa DAB ya zamani wakati stesheni za biashara zikihamia DAB+. Unafika nyumbani, unatafuta stesheni ya muziki uliyoizoea kwenye gari la rafiki yako, haipo, au ipo bubu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tazama alama ya kujumlisha. Redio iliyoandikwa DAB peke yake, ichukulie kuwa ni ya zamani. Yapo maduka ambayo bidhaa zake zina alama ya vema ya redio ya dijitali ya Uingereza; hiyo inahakikisha DAB, DAB+ na FM vyote vimo. Penye shaka, kabla ya kulipa mwombe mwenye nayo aiwashe, atafute stesheni upya, kisha afungue stesheni unayojua kuwa inarushwa kwa DAB+. Ikitoa sauti, lipa. Chache za zamani ziliwahi kuongezewa uwezo kwa programu kutoka kwa mtengenezaji, lakini kununua kwa tumaini hilo ni kujitafutia kazi.

Anayehamia Norwei asijisumbue kubeba redio ya FM akitegemea kusikiliza NRK, shirika la utangazaji la huko. Januari 2017 Norwei ilianza kuzima FM za stesheni za kitaifa, ikianzia mkoa wa Nordland kaskazini, na Desemba mwaka huohuo ikamaliza. FM ikabaki kwa stesheni ndogo za mitaa. Shirika la utangazaji la Uswisi, SRG, nalo lilizima FM yake tarehe 31 Desemba 2024. Katika hili kuna nafasi ambayo sijasikia watu wakiichangamkia: redio nzuri za FM zilizobaki makabatini Oslo na Bern ndizo hasa zinazofaa kuletwa Singida. Mwenye ndugu huko aombe mapema.

Ukishaipata DAB+ yako, izoee tabia yake. FM ikizidiwa na umbali huanza kukwaruza, halafu sauti inazama kidogokidogo, na sikio lililozoea bado linafuata taarifa ya habari. DAB+ haina huruma hiyo. Inasikika safi mpaka mahali fulani, hatua mbili mbele inakatika kabisa, halafu inarudi, halafu inakatika. Wengi hurudisha redio dukani kwa sababu hiyo wakati dawa ni antena. Ivute yote, isimamishe wima, sogeza redio karibu na dirisha, mbali na friji na chaja za simu, kisha uiamuru itafute stesheni upya. Ukihama mji, itafutishe upya pia, la sivyo itaendelea kukuorodheshea stesheni za ulikotoka.

Jambo jingine la kuzoea ni kuchelewa. Sauti inabanwa, inapakiwa, inafunguliwa, na yote hayo yanakula sekunde kadhaa. Usirekebishe saa yako kwa mlio wa saa wa DAB. Wale wenzangu wanaozima sauti ya televisheni ili wafuate mpira kwa mtangazaji wa redio watapata tabu kidogo, maana goli na kelele za goli havitakuja pamoja, na sijui hata kipi kitatangulia. Inategemea na king'amuzi chako.

Kwenye magari mambo yamerahisishwa na sheria. Tangu tarehe 21 Desemba 2020, gari jipya la abiria linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lenye redio lazima liwe na uwezo wa kupokea redio ya dijitali ya ardhini, na kwa Ulaya hiyo maana yake ni DAB+. Gari la mtumba kutoka Uingereza likishushwa Mombasa, kioo chake kitakuwa na ukurasa wa DAB unaosema hakuna stesheni. Usimlipe mtu akutengenezee. Bonyeza FM uendelee na safari.

Marekani wana lao

HD Radio ilipitishwa na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, Oktoba 2002. Uzuri wake ni kwamba haikuomba masafa mapya: mawimbi ya dijitali yanapita pembeni mwa FM ileile. Redio ya kawaida inasikia FM, yenye HD inahamia kwenye dijitali yenyewe baada ya sekunde chache, na chini ya stesheni hiyohiyo unaweza kukuta nyongeza zinazoitwa HD2 na HD3, mara nyingi zenye muziki wa aina tofauti. Mexico na Kanada nazo zinayo. Kanada kwanza ilijaribu DAB, ikaiacha. Walionunua redio zake wakabaki na mapambo.

Aliyeko Marekani hana haja ya kuhangaika kuitafuta HD Radio ya mezani. Nyingi zimo ndani ya magari, na humo ndimo zinamofaa. Tahadhari ni kwa anayetaka kuleta redio ya Marekani huku, au kununua gari la Marekani lililopitia Ghuba. HD haitafanya kazi, hilo limekwisha. Ila hata FM yake iangalie. Huko stesheni zimepangwa kwa hatua za megahezi 0.2, zote zikiishia kwa tarakimu witiri: 98.1, 98.3, 98.5. Baadhi ya redio zinaruka hatua hizohizo, kwa hiyo Capital FM ya Nairobi iliyoko 98.4 utaipita huku na huku usiikanyage. Masafa ya kati nayo yanapishana: Marekani wanaruka kilohezi 10, sisi 9. Redio nyingi za kisasa zina mahali pa kubadili eneo ndani ya mipangilio yake. Kama hazina, ziache huko.

DRM na wapenzi wa masafa mafupi

Wasikilizaji wa Kiswahili wana historia ndefu na masafa mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na Zanzibar yenyewe kwa miaka mingi imesikika mbali kwenye kilohezi 11735. Ndiyo maana DRM iliwavutia wengi iliposemwa kuwa itaondoa mikwaruzo na kuyapa masafa mafupi sauti ya FM. Kundi lililoiunda lilianzishwa Guangzhou, China, mwaka 1998, na matangazo rasmi yakazinduliwa Geneva Juni 2003.

Kitaalamu ni mfumo mzuri, na siku hizi unaweza kutumika hata kwenye masafa ya FM. Mtambo mmoja unafunika nchi nzima kwa umeme kidogo kuliko ule wa zamani. Kilichokosekana ni redio zenyewe. India ndiyo iliyojitosa kweli, All India Radio ikafunga mitambo zaidi ya thelathini na magari mapya mengi ya huko yakaja na DRM ndani. Afrika Kusini imeruhusu DRM na DAB+ zote mbili. Nje ya hapo, redio ya DRM ni kifaa cha mpenzi wa mambo ya redio, na bei yake inalingana na mapenzi hayo. Redio yako ya masafa mafupi ikikutana na DRM itatoa mvumo mzito usiobadilika, kama feni kuukuu. Haijaharibika, na hutaweza kuisafisha kwa antena ndefu. Ushauri wangu: usinunue, isipokuwa unajua stesheni, saa na masafa ya kile unachotaka kusikiliza.

Nasema hivyo kwa sababu Afrika imeshaumwa na nyoka huyu. Oktoba 1998 kampuni ya WorldSpace, iliyoasisiwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar kwa ajili ya bara hili. Redio zake maalumu zilikuwa na antena ndogo ya bapa unayoielekeza angani, na sauti ilikuwa safi porini kusiko na mnara hata mmoja. Zilitengenezwa na viwanda vya heshima vya Japani. Mwaka 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, huduma ikafa, na redio zote zikafa nayo, kwa kuwa mawimbi yale hakuna mwingine aliyekuwa anayarusha. Redio ya mfumo wa mwenye mali mmoja inategemea uhai wa huyo mmoja.

Gari la Japani na hesabu ya kutoa

Hili si dijitali, lakini ndilo tatizo la ulinganifu linalowagusa watu wengi zaidi kuanzia Dar es Salaam mpaka Kampala, na maelezo mengi yanayotolewa kwenye yadi za magari ni ya kubahatisha.

Japani FM yake ilikuwa megahezi 76 hadi 90; mwishoni mwa 2014 wakaanza kutumia mpaka 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Gari lenye redio ya zamani ya Kijapani linakutana na stesheni zetu kwenye kipande kifupi tu, 87.5 hadi 90. Ndiyo maana mtu anatoka bandarini na gari safi lakini redio ina stesheni mbili.

Suluhisho la bei nafuu ni kile kiboksi ambacho mafundi wanakiita ekspanda, kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuyashusha masafa. Ekspanda ya megahezi 20 inaichukua Capital FM ya 98.4 na kuiweka 78.4. Ukitaka stesheni ya 101.1, unaitafuta 81.1. Mpaka hapo raha.

Lakini angalia upana. Redio yako ina nafasi ya megahezi 14, kutoka 76 hadi 90. Masafa yetu yana upana wa 20.5. Hakuna ekspanda itakayoingiza upana huo wote kwenye nafasi hiyo. Ile ya 20 inakupa kuanzia 96 hadi 108. Zilizo chini ya 90 unaweza kuzipata moja kwa moja kama kiboksi kinapitisha pia mawimbi ya asili. Zilizo kati ya 90 na 96 zimepotea, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Ekspanda ya 14 inakupa 90 hadi 104, na zilizo juu ya hapo ndizo zinazopotea. Kwa hiyo kabla ya kununua andika stesheni zako tano au sita unazozipenda na masafa yake katika mji wako, kisha umwulize muuzaji kiboksi chake kinashusha kwa ngapi. Imeandikwa juu yake. Asiyeweza kujibu, nenda duka la pili.

Anayeweza kuongeza pesa abadilishe redio nzima. Hapo pia ana maswali mawili ya kuuliza: je, FM yake inafika 108, na je, ina mahali pa kuchagua eneo? Ikiwekwa eneo la Japani utarudi ulikotoka. Ikiwekwa Marekani utakutana na zile hatua za 0.2. Chagua Ulaya. Mwulize fundi pia kama kamera ya nyuma na vitufe vya usukani vitaendelea kufanya kazi, kwa sababu kwenye baadhi ya magari vyote vimefungwa kwenye redio ileile anayotaka kuing'oa.

Na usiongezewe bei kwa sababu gari lina televisheni. Japani wanatumia mfumo wa ISDB-T, sisi Afrika Mashariki tunatumia DVB-T2. Kile kioo hakitaonyesha hata chenga za maana. Kuna wanaotumia vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari ili kucheza nyimbo za simu kupitia FM. Kwenye redio ya Kijapani viweke kati ya 87.5 na 90, mahali ambapo hakuna stesheni ya karibu. Kwingine havitasikika.

Intaneti na king'amuzi

Redio ya intaneti haina mipaka ya mifumo, na aliyeko Toronto anaisikiliza Radio One ya Dar es Salaam kwa simu yake bila kuuliza mtu. Hesabu yake ni ya bando. Matangazo ya kilobiti 64 yanakula karibu megabaiti 29 kwa saa. Saa nne kila siku ni takriban gigabaiti 3.5 kwa mwezi. Ya kilobiti 128 ni mara mbili ya hapo. Penye Wi-Fi hilo si neno. Kwa bando la kununua kwa siku, FM ni bure.

Redio za mezani za Wi-Fi sizishabikii. Nyingi zinategemea orodha ya stesheni iliyo kwenye seva ya kampuni nyingine. Seva za Reciva, zilizokuwa zinalisha redio za chapa mbalimbali, zilizimwa mwaka 2021, na redio nzima zikapoteza orodha zake. Simu kuukuu na spika ya Bluetooth vinafanya kazi hiyohiyo.

King'amuzi chako cha televisheni nacho huwa kina stesheni za redio. Bonyeza kitufe cha redio kwenye rimoti uone. Ila unaponunua king'amuzi cha antena, hakikisha ni DVB-T2. Kenya ilianza televisheni ya dijitali mwaka 2009 na DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, na waliowahi kununua vya kwanza wakalazimika kununua tena.

Zawadi ya kupeleka nyumbani

Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230 au 240. Redio ya Marekani isiyo na adapta ya volti zote itaungua siku ya kwanza. Geuza adapta usome: penye neno INPUT paandikwe 100–240V. Redio ya Uingereza au Oman ina plagi ya miguu mitatu bapa kama yetu, haina shida.

Betri ziangalie kuliko yote. Redio nyingi za DAB+ hutumia betri yake maalumu inayouzwa na mtengenezaji tu. Ikifa Masasi imekufa. Mzee anahitaji redio inayotumia mawe yanayopatikana duka la jirani, yenye FM ya 87.5 hadi 108, masafa ya kati na masafa mafupi, spika kubwa na kitufe cha sauti kinachoshikika. Redio ya namna hiyo inaweza kupatikana Kariakoo kwa bei ya chini kuliko mzigo utakaolipia uwanja wa ndege, na hapo heri utume pesa. Kabla hujatuma wala hujabeba, mpigie kwanza, umwamkie, umwulize anasikiliza stesheni zipi, anaisikilizia chumbani au shambani, na redio aliyonayo sasa inatumia mawe ya ukubwa gani.